Kukopa Harusi: Soko la Wategaji wa Biva, 1825–1840

Majimbo mengi ya Marekani yana vyama vya wategaji wa wanyama wa manyoya, na vyama hivyo hufanya mkutano wao mkuu mara moja kwa mwaka. Wanachama hulipa ada, huchagua viongozi, hushindana kutega, huuziana zana na kubishana juu ya sheria za uwindaji. Wako wanaopenda kuuita mkutano huo kwa neno la Kifaransa, rendezvous, ambalo sisi tungeliita miadi: mahali na siku mliyoagana kukutana. Neno hilo limetoka kwa wategaji wa Milima ya Rocky, waliokutana karibu kila kiangazi kuanzia mwaka 1825 hadi 1840. Pamoja na neno imerithiwa picha ya wanaume wasio na bwana, wanaoshuka milimani mara moja kwa mwaka kunywa, kucheza kamari, kushindanisha farasi na kusimuliana habari za dubu. Picha hiyo haikutungwa yote. Walikunywa kweli, na farasi walishindanishwa. Lakini ukifungua madaftari ya waliozileta bidhaa mahali pale, unakuta kwamba miadi ile ilikuwa duka la mkopo lisilo na kuta, na kwamba uhuru wa mtegaji ulidumu hadi pale alipohitaji baruti nyingine.

Chanzo chake ni kofia. Biva ni mnyama wa majini, mkubwa kuliko sungura mara nyingi, anayekata miti kwa meno na kuziba vijito kwa mabwawa. Chini ya nywele zake ndefu kuna manyoya mafupi, laini, yanayoshikamana yakigandamizwa, na kwa muda mrefu mabwana wa Ulaya na Marekani hawakuona kofia ya maana isipokuwa ile iliyotengenezwa kwa manyoya hayo. Mwaka 1822 serikali ya Marekani ilifunga maduka yake ya kufanya biashara na wenyeji wa bara lile, na uwanja ukabaki kwa watu binafsi. Mwezi Februari mwaka huohuo William Ashley, mwanasiasa na mfanyabiashara wa Missouri, alitangaza gazetini mjini St. Louis kwamba anatafuta vijana mia moja wa kupanda Mto Missouri hadi chimbuko lake na kukaa huko mwaka mmoja, miwili au mitatu. Mpango wake na mshirika wake Andrew Henry ulikuwa wa kawaida: kujenga ngome kandokando ya mto na kupeleka bidhaa kwa mashua. Mwezi Juni 1823 Waarikara, ambao vijiji vyao vilitawala sehemu ya mto, waliwashambulia watu wake na kuua zaidi ya kumi. Njia ya mto ikawa imefungwa. Ashley, aliyekuwa ameelemewa na madeni yake mwenyewe, akageukia nchi kavu na farasi.

Kutoka katika kushindwa huko ndipo miadi ilipozaliwa. Wategaji wangebaki milimani mwaka mzima badala ya kwenda na kurudi, na mara moja kwa mwaka msafara wa farasi na nyumbu ungewafuata huko na bidhaa, kisha urudi na ngozi. Masika ya 1825 Ashley alifika Mto Green, akawagawa watu wake katika makundi, akawaambia kwamba atateremka na mto na kuchagua mahali pa kukutania, na kwamba watapatambua kwa miti aliyoibandua maganda. Tarehe 1 Julai walikutana kwenye kijito cha Henrys Fork, kusini-magharibi mwa Wyoming ya leo, watu wapatao 120. Kati yao 29 walikuwa wameikimbia Kampuni ya Ghuba ya Hudson, kampuni ya Waingereza. Shughuli ilichukua kama siku moja. Hapakuwa na pombe. Ashley alipokea ngozi, akatoa bidhaa, akaandika, na kesho yake akaondoka. Hiyo ndiyo miadi ya kwanza, mama wa sherehe zote za baadaye, na ukiitazama jinsi ilivyokuwa utaona inafanana zaidi na siku ya mnada wa pamba kuliko na karamu.

Daftari la Ashley la siku ile limebaki. Kahawa aliiuza dola moja na nusu kwa ratili, sukari vivyo hivyo, baruti dola mbili, tumbaku dola tatu. Ngozi za biva alizipokea kwa bei iliyozunguka dola tatu kwa ratili. Ratili moja ya tumbaku, basi, ilikuwa sawa na ratili moja ya manyoya yaliyopatikana kwa mtu kusimama katika maji ya barafu hadi mapajani, alfajiri na jioni, akihofia mguu wake kuganda na mshale kumfikia. Ashley alirudi St. Louis na karibu ratili 9,000 za ngozi, zenye thamani ya kati ya dola 40,000 na 50,000. Deni lake kubwa likaanza kulipika kwa safari moja. Mwaka uliofuata alirudia biashara ileile, kisha akafanya jambo ambalo kwangu ndilo ushahidi mkubwa kuliko wote: akaacha kabisa kuajiri wategaji.

Tarehe 18 Julai 1826, Ashley aliwauzia kampuni watatu kati ya watu wake, Jedediah Smith, David Jackson na William Sublette. Hawakuwa na fedha. Walichukua bidhaa na vifaa kwa deni la takriban dola 16,000, watakalolilipa kwa ngozi za biva. Pamoja na hilo waliandikiana kwamba Ashley atawaletea mwaka ujao, kando ya Ziwa Bear, shehena isiyopungua dola 7,000 na isiyozidi 15,000, ilimradi wamwagize mapema, kwa bei zilizopangwa tangu siku ile. Tazama nafasi ya kila mmoja. Wale watatu walibaki na hatari yote: wenyeji waliolinda ardhi yao, theluji, farasi kuibwa, ngozi kuzama mtoni. Ashley alibaki na bei. Baadaye aliingia katika Bunge la Marekani. Wale watatu nao walisoma somo hilo vizuri, maana mwaka 1830 waliwauzia kampuni wategaji wengine watano, wakiwamo Thomas Fitzpatrick na Jim Bridger, kwa hati ya deni inayozidi dola 15,000, na Sublette akahamia upande wa kuleta bidhaa. Kampuni ilibadilisha wenyewe mara mbili katika miaka mitano, na mara zote mbili kilichouzwa kilikuwa deni.

Sisi wa Kiswahili tuna neno la jambo hili ambalo wanahistoria wa Marekani hawana: mali kauli. Miaka hiyohiyo misafara ya pembe za ndovu ilikuwa ikitoka Bagamoyo na pwani nzima ya Mrima ikiwa imebeba vitambaa na shanga zilizokopeshwa na matajiri wa Unguja, na mwenye msafara alikuwa na ahadi tu ya kurudi na pembe. Hata Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe wa miaka ya baadaye, pamoja na jina lake lote, alisafiri kwa mkopo wa Taria Topan, tajiri wa Unguja. Wala walimwengu hawa hawakuwa mbali kama ramani inavyodai. Mwaka 1833 Sayyid Said, sultani wa Unguja, alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na merikani, kitambaa kilichovaliwa hadi Unyamwezi, ililetwa na meli za Salem, Massachusetts. Sidai kwamba Mto Green ulikuwa Tabora. Kule milimani hapakuwa na mji, wala sultani, wala ushuru, wala biashara ya watumwa ya kuubeba mzigo. Nasema tu kwamba msomaji anayejua mali kauli ni nini ana ufunguo mkononi: katika biashara ya namna hiyo, usiulize nani anakwenda porini, uliza nani ameandika bei kabla ya safari.

Kama miadi ingekuwa kweli jamii ya watu huru, ingekutana hata bila msafara. Mwaka 1831 jambo hilo lilijaribiwa, ingawa hakuna aliyekusudia. Fitzpatrick alikwenda mashariki kuagiza bidhaa, akachelewa, akawakuta Smith, Jackson na Sublette tayari wanaelekea Santa Fe, ikabidi aandamane nao. Njiani Jedediah Smith aliuawa na Wakomanchi mwezi Mei. Fitzpatrick alipata bidhaa upande wa Taos, lakini kiangazi kilikuwa kimekwisha. Wategaji walingoja, wakachoka, wakatawanyika. Hakuna miadi ya maana inayohesabiwa mwaka huo. Biva walikuwepo, watu walikuwepo, uwanda ulikuwepo. Kilichokosekana ni duka.

Jaribio la pili lilikuwa chungu zaidi. Nathaniel Wyeth, mfanyabiashara wa barafu kutoka Massachusetts, alipatana na wenye Kampuni ya Manyoya ya Milima ya Rocky, ile ya Fitzpatrick na Bridger, kwamba atawaletea bidhaa za dola 3,000 kwenye miadi ya 1834. William Sublette alipopata habari alifunga safari ya mbio, akampita Wyeth njiani usiku, akafika kabla yake. Wenye kampuni wakamkataa Wyeth na kupokea bidhaa za Sublette. Wako wanaosimulia kisa hiki kama hila ya mtu mmoja mwenye farasi wazuri. Mimi naona mbio zile zilikuwa na maana ndogo. Kampuni ilikuwa inadaiwa na Sublette na mshirika wake Robert Campbell. Mdai alipofika uwanjani na hati mkononi, mdeni hakuwa na soko la kuchagua. Tarehe 20 Juni 1834, palepale kambini, kampuni ikavunjwa. Wyeth aliyeachwa na shehena isiyo na mnunuzi alikwenda kujenga Fort Hall kando ya Mto Snake, na miaka michache baadaye akawauzia Waingereza.

Kuna pingamizi ambalo haliwezi kupuuzwa. Je, bei zile hazikuwa halali? Kutoka St. Louis hadi Mto Green ni zaidi ya maili elfu moja, nyumbu hufa, wasafirishaji hulipwa, na shehena nzima inaweza kupotea kwa shambulio la asubuhi moja. Tena, wale 29 walioihama Kampuni ya Ghuba ya Hudson mwaka 1825 hawakuburutwa. Walivutwa na Wamarekani waliowaahidi dola tatu na nusu kwa ratili ya biva, mara kadhaa ya walichokuwa wakipata kwa Waingereza. Yote haya ni kweli, na anayesema Ashley alikuwa mwizi tu hajaisoma hesabu yake. Lakini ahadi ya bei nzuri ya ngozi haina uzito mpaka uijue bei ya blanketi. Mwishoni mwa miaka ya 1830 Osborne Russell, mtegaji aliyeacha kumbukumbu makini kuliko wenzake wengi, aliandika kwamba blanketi moja liliuzwa dola 20, shati la pamba dola 5, sukari na kahawa dola mbili kwa pinti, huku biva akinunuliwa dola nne au tano kwa ratili. Aliyelipwa vizuri kwa mkono wa kulia alinyang'anywa kwa wa kushoto, na mikono yote miwili ilikuwa ya mtu mmoja. Gharama ya safari inaeleza kwa nini bei zilikuwa juu. Haielezi kwa nini hatari ya mwaka mzima ilibebwa na upande mmoja tu.

Pingamizi jingine linahusu wategaji huru. Ni kweli kwamba si wote walikuwa sawa. Walikuwapo wa mshahara, waliopata takriban kati ya dola 200 na 400 kwa mwaka na ngozi zote zikawa za kampuni. Walikuwapo waliokopeshwa vifaa na kulipa kwa ngozi. Na walikuwapo huru, wenye farasi na mitego yao, waliouza kwa waliyemtaka. Hawa ndio walioingia katika hadithi, na hawa ndio vyama vya leo vinavyowatazama kama mababu. Ila uhuru wa kumuuzia umtakaye unahitaji wanunuzi wawili, na kwa miaka mingi alikuwapo mmoja, au wawili waliokuwa wakielekea kuwa mmoja. Walipokuwapo wawili kweli, kama mwaka 1832 huko Pierre's Hole, ambako kampuni ya John Jacob Astor ilikuwa ikishindana na wale wa Rocky, mtegaji huru alipumua kidogo. Kufikia 1835 ushindani huo ulikuwa umekwisha.

Kuhusu wenyeji, hapo ndipo hoja yangu inapolegea, na ni haki kukiri. Washoshone walikuwa na kusanyiko lao la kiangazi katika nchi ileile kabla Ashley hajaijua, wakibadilishana farasi, ngozi na bidhaa kutoka Mexico. Wasalishi, Wanezpasi na Wakrow walifika kwenye miadi kwa mamia, mara nyingi wengi kuliko wazungu, na kwao lile lilikuwa soko kati ya masoko, si kamba ya shingoni, kwa kuwa walikuwa na nyati, farasi na nchi. Waliweza kuondoka. Kwa hiyo furaha ya uwanjani, ngoma, mashindano na ndoa, ilikuwa na mizizi ambayo deni halikuipanda. Lakini ndoa hizo nazo zina hesabu yake. Wanawake wa kienyeji walioolewa na wategaji ndio waliokwangua ngozi, wakazitanua kwenye pete za matawi ya mierebi, wakazikausha na kuzifunga. Bila kazi hiyo ngozi ingeoza na kukosa bei. Katika madaftari ya biashara wanaonekana upande wa matumizi tu: utepe, shanga, kitambaa chekundu alichonunua mume.

Na pombe? Ilianza kuletwa mapema baada ya ile miadi ya kwanza isiyo na kinywaji, na haikuwa burudani iliyojipenyeza yenyewe. Mwaka 1832, mwaka uleule Bunge lilipopiga marufuku kuingiza pombe katika nchi ya wenyeji, Sublette alipewa kibali cha galoni 450 kwa matumizi ya mabaharia wake wa mtoni. Alisafiri kwa nchi kavu. Hakuwa na mashua hata moja. Kileo kilikuwa bidhaa nyepesi kubeba, rahisi kuongezwa maji, na iliyokwisha siku ileile, ili mnywaji arudi tena kwenye daftari kabla hajaondoka. Wahenga wetu wangekwisha kulielewa soko hilo kwa maneno manne: kukopa harusi, kulipa matanga. Tunaiona harusi kwa sababu mwaka 1837 mchoraji Alfred Jacob Miller aliletwa pale na Sir William Drummond Stewart, mwungwana wa Uskoti, akaichora. Ni michoro mizuri yenye vumbi la dhahabu, mahema meupe na wapanda farasi. Matanga hayakuchorwa, kwa sababu yalifanyika miezi iliyofuata, mojamoja, kwenye vijito visivyo na mashahidi.

Mwisho wake unathibitisha mwanzo wake. Biva walikuwa wamekwanguliwa na Wamarekani upande mmoja, na upande wa Mto Snake Waingereza waliwamaliza kwa makusudi ili Mmarekani asipate sababu ya kusogea magharibi. Wakati huohuo mabwana wa mijini walianza kuvaa kofia za hariri. Astor alinusa upepo mapema, akajitoa mwaka 1834. Mwaka 1838, miadini, uvumi ulienea kwamba kampuni iliyobaki haitaleta tena bidhaa, na wategaji wengi wakaanza kuondoka. Msafara wa mwisho ulifika Mto Green mwaka 1840 ukiongozwa na Andrew Drips, ukiwa umefuatana na Padre Pierre-Jean De Smet, aliyesoma misa uwanjani mwezi Julai. Mwaka uliofuata hakuna msafara uliokuja, na hakuna aliyekwenda kungoja. Biva hawakuwa wamekwisha kabisa, wala wategaji hawakuwa wamekufa wote. Mkopo ulikoma, na miadi ikakoma siku ileile.

Ndiyo maana nawaona wategaji wa leo, wanaokutana katika vyama vyao, wamejidhulumu kwa kuchukua jina lile. Chama chenye ada, katiba na uchaguzi ni kitu ambacho watu wa 1825 hawakuwahi kuwa nacho. Hawakuwa na mweka hazina wao, hawakuwahi kukaa pamoja na kukubaliana bei ya chini ya ratili moja, na hakuna kumbukumbu ya mkutano wowote kati ya ile kumi na kadhaa ambamo wategaji walimkatalia mwenye msafara kwa sauti moja. Anayetaka kusherehekea mababu hawa afanye hivyo, ila asiseme walikutana kujitawala.

Jim Bridger alikuwa kijana wa miaka 18 alipojiunga na watu wa Ashley mwaka 1822. Alitega, akawa mmiliki mwenza wa kampuni, akafilisika nayo, akabeba kichwa cha mshale mgongoni kwa miaka hadi daktari Marcus Whitman alipokitoa kwenye miadi ya 1835. Hakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1843, yeye na Louis Vasquez walijenga duka kwenye kijito cha Blacks Fork, si mbali na mahali Ashley alipobandua miti maganda, karibu na njia ya wahamiaji waliokuwa wakielekea Oregon, na mwezi Desemba akamwamuru mwandishi amwandikie Pierre Chouteau, mfanyabiashara wa St. Louis, barua ya kuagiza bidhaa.